Gari ya naitro inasumbua? Anza na plagi, mafuta na hewa, sindano iwe ya mwisho

Bisibisi ndo inaua injini nyingi za naitro, yaani zile injini ndogo za magari ya kuchezea ya rimoti. Gari inazima, mtu anageuza sindano (skrubu ya kabureta inayopima mafuta) robo mzunguko, haijatulia anageuza tena, akitoka hapo anagusa skrubu ya sailensa (injini ikiunguruma gari imesimama), anarudi kwenye sindano ya chini, mpaka jioni hakuna anayejua kabureta ilikua wapi asubuhi, na kumbe plagi ilishakufa toka mwanzo. Kwahiyo hapa nitaenda dalili kwa dalili lakini mpangilio ni ule ule kila sehemu: plagi, mafuta, hewa, joto, alafu ndo sindano.

Kwanza tuelewane jinsi hii kitu inavyofanya kazi maana bila hapo utakua unabahatisha. Injini hii haina cheche kama ya bodaboda. Plagi yake ina kiwaya chembamba chenye platinamu, unakipasha na kiwashio cha volti 1.5 mpaka kiwe chekundu, injini ikishashika unatoa kiwashio na kiwaya kinabaki chekundu chenyewe kwa sababu ya joto la mgandamizo na kwa sababu platinamu ikikutana na methanoli inatoa joto. Mafuta yenyewe ni methanoli, naitromethini na oili vimechanganywa pamoja, oili inaweza kua ya sintetiki au ya nyonyo au zote mbili. Petroli haiingii humu, na thina haiingii, hata kama fundi wa mtaani kakwambia itawaka.

Sasa shika hili: hakuna oili nyingine kwenye injini zaidi ya ile iliyomo kwenye mafuta. Ukiibana mafuta umeinyima na oili, na umeinyima pia ubaridi, sababu methanoli ndo inapoza injini kwa ndani. Ndo maana injini iliyonyimwa mafuta inakua tamu sana kwa dakika tano, inalia kali, inakimbia kuliko siku zote, alafu inanoki. Iliyozidishiwa mafuta inatoa moshi mwingi na inakua nzito, lakini kesho ipo.

Kabureta nyingi zina sehemu tatu za kugusa. Sindano ya juu inagawa mafuta ukivuta moto (ukiongeza kasi) mpaka mwisho, sindano ya chini ni ya sailensa na pale unapoanza kuvuta, na skrubu ya sailensa inashikilia mlango wa hewa usifunge wote. Sindano ukigeuza kulia unabana mafuta, kushoto unaongeza. Geuza kidogo sana, kama mshale wa saa unavyotoka 12 kwenda 1, hiyo ndo naiita saa moja, alafu endesha gari mizunguko kadhaa ndo uamue. Na kabla hujagusa chochote andika ilipo: funga taratibu huku unahesabu mizunguko mpaka igote, usikaze maana utaharibu ncha, alafu irudishe palepale. Ukipotea kabisa kitabu cha injini kina setingi ya kiwandani, rudi huko uanze upya, hakuna aibu.

Injini mpya, kuizoesha

Hapa ndo pa kutulia. Silinda ya injini nyingi hizi ni shaba iliyopakwa kromu na pistoni ni aluminiamu, na silinda imetengenezwa iwe nyembamba kidogo juu kuliko chini. Ikiwa ya baridi pistoni inabana ikifika juu, ukizungusha flaiwili (lile gurudumu la chuma la injini) kwa kidole unasikia inagoma na kutoa mlio wa kukwaruza, watu wanadhani imeharibika, hapana, ndo uzima wenyewe huo. Injini ikipata joto silinda inatanuka na ule mbano unaachia. Maana yake ukiiwasha ya baridi kabisa, au ukaizoesha ikiwa imepoa kupita kiasi, unaisaga pistoni na unaivuta konrodi (fimbo inayoshika pistoni) bure.

Kwahiyo chukua draya ya nywele, ile ya saluni, pasha silinda hedi mpaka usiweze kuweka kidole, alafu ndo uvute kamba. Dar watu wanasema kuna joto la kutosha, jua la Januari linachoma kweli lakini nyuzi 32 za nje sio nyuzi 80 za injini.

Tumia mafuta yale yale utakayoendelea nayo, usizoeshe na aina moja alafu uhamie nyingine. Sindano ya juu ifungue zaidi ya setingi ya kiwandani kidogo, moshi utoke mwingi na mafuta yadondoke ekzosi, sawa tu. Tanki la kwanza iache kwenye sailensa magurudumu yakiwa juu, unavuta kidogo kidogo isije ikajaa mafuta ikazima. Baada ya hapo ishushe chini, izungushe sehemu tambarare kwa nusu ya moto, unavuta unaachia, dakika mbili hivi, kisha zima ipoe kabisa, alafu rudia. Kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa, hiyo ndo inayokalisha vyuma.

Joto lipime pembeni ya plagi, wakati wa kuzoesha nataka lisogee nyuzi 90 mpaka 105 hivi. Likikaa 70 huko, usikimbilie kubana mafuta, funika hedi na karatasi ya foili au kipande cha soksi joto lipande huku mafuta yakiwa bado mengi. Watu wengi hawalijui hili, wanaona injini ya baridi wanabana sindano, wakati oili nyingi ndo kitu injini mpya inakihitaji kuliko chochote.

Kuna jambo dogo ambalo lina faida kubwa. Kabla hujaanza, toa plagi, chungulia pistoni ikiwa chini kabisa, alafu weka alama na maka penni kwenye flaiwili. Kila ukizima, zungusha flaiwili alama ije palepale, ndo uiache ipoe. Ukiiacha pistoni juu, silinda inasinyaa ikiwa imeikumbatia pistoni na mbano unapungua bila injini kufanya kazi yoyote.

Usiache tanki liishe lenyewe. Matone ya mwisho yanaingia na hewa, injini inapandisha mlio ghafla bila oili. Zima kwa kuziba ekzosi na kitambaa kinene, mkono mtupu utaungua. Baada ya matanki matano au sita anza kubana sindano ya juu saa moja moja kila tanki mpaka ipate nguvu ila moshi bado unaonekana. Plagi uliyozoeshea itoe weka mpya, maana kipindi hiki vyembe vya chuma vinaruka na vingine vinanasa kwenye kiwaya.

Haiwaki kabisa

Toa plagi, ichomeke kwenye kiwashio, iangalie kivulini. Kiwaya chote kinatakiwa kiwake rangi ya chungwa iliyokolea. Kikiwaka nusu, au kikiwa chekundu kilichofifia, chaji kiwashio kwanza alafu pima tena, sababu kiwashio kisicho na chaji kinasingizia plagi nzima. Bado? Badilisha plagi. Kutembea na gari ya naitro bila plagi za akiba mbili tatu ni kujitafutia kurudi nyumbani umeibeba kwenye daladala.

Plagi nzima, sasa angalia mpira wa mafuta. Ziba tundu la ekzosi kwa kidole (injini ikiwa ya baridi) vuta kamba mara mbili tatu, mafuta yatembee mpaka kabureta, yakifika tu acha kuziba. Hayatembei? Kichujio kimeziba, au mpira umekunjika, au mfuniko wa tanki haushiki presha.

Ukizidisha kuziba injini inajaa na kamba inagoma kabisa. Hapo usivute kwa hasira, mafuta hayagandamiziki, kinachopinda ni konrodi na kinachokatika ni kamba. Toa plagi, geuza gari kichwa chini, vuta taratibu mafuta yamwagike, uso wako uwe mbali na lile tundu maana yanaruka na methanoli machoni sio mchezo. Kama umetoa plagi na bado imegoma, hakuna hata tone, basi ni ule mbano wa juu, ipashe na draya. Na kamba yenyewe vuta fupi fupi za haraka, sentimita 30 zinatosha, ukiivuta mpaka mwisho siku moja haitarudi.

Inawaka, ukitoa kiwashio inazima

Mara nyingi plagi inakaribia kufa, au ni ya baridi mno (aina isiyotunza joto sana) kwa injini yako, au sailensa ina mafuta mengi yanayoizima plagi. Badili plagi kwanza. Ikiendelea, vuta moto kidogo iungurume isafishe, alafu ndo utoe kiwashio. Ikikataa bado, bana sindano ya chini saa moja.

Sailensa nzuri ila ukivuta moto inakufa

Hii ndo inayochanganya watu, kwa sababu kuzidi mafuta na kupungukiwa mafuta vyote vinaishia kwenye kuzima. Tofautisha kwa sikio na jicho. Ikizidi mafuta inasita, inabwabwaja kama inatapika, moshi mzito unatoka, alafu ama inashika ama inazama taratibu. Ikipungukiwa inakata ghafla kama umezima swichi, moshi hakuna au mwembamba.

Kama bado huna uhakika fanya hivi: injini ikiwa na joto lake kamili na iko sailensa, bana mpira wa mafuta kwa vidole karibu kabisa na kabureta, usiachie, sikiliza. Mlio ukikaa sekunde mbili tatu, ukapanda kidogo ndo ukazima, sindano ya chini iko sawa. Ukizima papo hapo mafuta ni machache, fungua. Ukiendelea sekunde tano na zaidi huku mlio unapanda sana, mafuta ni mengi, bana. Ni kipimo cha bure, hakihitaji kifaa chochote, na mimi nakiamini kuliko kumuuliza mtu aliyesimama pembeni.

Sindano ya juu weka sawa kabla ya ya chini, ya chini kabla ya skrubu ya sailensa. Ukianza na sailensa utakua unaficha tatizo.

Sailensa inapanda yenyewe, ukiachia moto haishuki

Acha sindano. Hii ni hewa inaingia sehemu isiyotakiwa mpaka uthibitishe vinginevyo. Leo inapanda, dakika moja baadae inashuka, ukiweka sawa asubuhi mchana imebadilika, hakuna setingi itakayokaa.

Anza na tanki, litoe, ziba mipira miwili, puliza kwenye wa tatu huku umelizamisha kwenye beseni la maji. Povu litakuonesha: mara nyingi ni oringi ya mfuniko. Kama tanki lako lina mipira miwili tu ziba mmoja upulize mwingine. Fanya hivyo na mipira yenyewe, tundu la sindano ya kushonea halionekani kwa macho ila linatosha kuvuruga kila kitu. Alafu nenda pale kabureta inapokaa kwenye injini, oringi yake ikikauka inapasuka, na mfuniko wa nyuma wa injini, skrubu zake zikilegea zinavuta hewa. Fungua, safisha kabisa, rudisha na silikoni ya gasketi inayostahimili joto, kidogo tu isiingie ndani. Beringi ya mbele ya krenki ikichakaa nayo inavuta hewa, na unaijua kwa mafuta yanayotapakaa nyuma ya flaiwili.

Ila kabla ya yote hayo hakikisha fimbo ya sevo (kimota kinachovuta mlango wa kabureta) haijakwama na mlango wa kabureta unafunga wenyewe, muda mwingine ni mchanga tu.

Inachemka

Dondosha tone la maji kwenye hedi. Likikaa tu halifanyi kitu injini ni ya baridi, likichemka taratibu sekunde tatu mpaka tano uko pazuri, likiruka na kupotea papo hapo zima sasa hivi. Ukiwa na kipima joto, injini nyingi zilizozoeshwa zinafurahi kati ya nyuzi 100 na 120, ikivuka 130 mimi naitoa barabarani.

Kuongeza mafuta ni jibu la kwanza lakini sio jibu pekee. Angalia mpira wa presha unaotoka ekzosi kwenda tankini, ukichomoka mafuta hayasukumwi na injini inachemka hata kama sindano iko vizuri. Dalili yake unaijua: tanki likijaa gari inakimbia, likifika nusu inalegea. Angalia breki kama zinashika muda wote. Angalia gia zisibanane sana, kipande cha karatasi ya daftari kipite katikati kitoke kimekunjamana bila kukatika. Na klachi ikiteleza injini inalia kali gari haiendi, joto lote linabaki kwenye injini.

Inakula plagi

Plagi iliyotoka isome. Kiwaya kikiwa na unyevu kinang'aa, mafuta yamezidi. Kikiwa cheupe cheupe au kimejikunja na kusukumwa upande, mafuta yalipungua. Ukikuta vidoa vidogo vya chuma vimegandia basi kuna kitu kinasagika ndani, beringi au konrodi, fungua mfuniko wa nyuma uangalie kabla hujawasha tena. Kipindi cha joto na mafuta yenye naitro nyingi plagi ya baridi kidogo inadumu zaidi.

Magurudumu yanazunguka ikiwa sailensa

Sailensa iko juu sana, au springi ya klachi imekatika, au beringi ya kengele ya klachi (kikombe cha chuma kinachofunika klachi) imekufa. Ya tatu ndo inayowapata sana watu wanaocheza ufukweni. Peleka ya zamani mtaa wa Gerezani, Dar, wakupimie, ukibahatika utapata saizi yake.

Hali ya hewa yetu

Hewa ya joto na unyevu ina oksijeni chache, kwahiyo injini inajiona ina mafuta mengi. Hewa ya baridi ni nzito, ina oksijeni zaidi, injini inajiona imepungukiwa. Maana yake ni hii: ukiseti gari mchana wa Februari ikawa tamu, alafu ukaiwasha asubuhi ya Julai bila kugusa, umeipungukisha mafuta bila kujua. Fungua saa moja kwanza, sikiliza, ndo ubane. Ukipanda nayo Arusha, kule mita 1,400 juu ya bahari hewa ni nyepesi, itakua nzito na moshi mwingi, hapo kubana ni sahihi. Ukirudi Dar fungua kabla hujawasha, tafadhali sana.

Coco Beach na Kigamboni ni pazuri, ila ule mchanga laini ndo sumu ya silinda. Chujio la hewa lioshe, likaushe, lilowanishe oili ya chujio mpaka lishike rangi moja, likamue, na kila likichafuka ubadilishe hapohapo. Injini inayopoteza mbano ghafla, inawaka ya baridi lakini ya moto haiwaki, ikamwagiwa maji ya baridi kwenye hedi ikawaka, hiyo pistoni na silinda vimeshaliwa na karibu kila mara mchanga ulipita kwenye chujio. Usimwagie tena, itapasua vyuma. Tafuta pistoni na silinda mpya kwa pamoja.

Methanoli inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar ina unyevu kweli kweli. Galoni ikiachwa wazi wiki mbili haina setingi tena, gari itasumbua na hutaelewa. Funga kwa nguvu, weka kivulini, usichukue mafuta ya kupimiwa ambayo hujui yalikaa wapi. Na mafuta haya hayapandi ndege ya abiria, usimwambie ndugu yako akuletee kwenye begi.

Jambo jingine ni la uhai. Methanoli ni sumu, inapofusha na inaua, na moto wake juani hauonekani, utaona tu vitu vinaungua. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nyumba zetu zina watoto, na mtu mwenye kiu hasomi lebo.

Redio

Gari ikikimbia yenyewe bila kukusikiliza, betri za risiva (kipokezi cha rimoti ndani ya gari) zimeisha au feilisefu (kinga ya kusimamisha gari mawasiliano yakikatika) haijasetiwa. Ipime hivi: gari iwe juu, injini imezimwa, zima rimoti, sevo ya moto lazima irudi kwenye breki yenyewe. Isiporudi usiwashe injini siku hiyo, hasa sehemu yenye watoto. Ongeza na springi ya kurudisha mlango wa kabureta, betri zikifa kabisa hiyo springi ndo inabaki kazini peke yake. Washa rimoti kwanza ndo gari, ukizima anza na gari.

Ukimaliza kucheza

Mwaga mafuta yote tankini. Washa injini imalizie yaliyo kwenye mpira ikiwa sailensa tu, ikizima jaribu kuwasha mara moja au mbili tena mpaka isishike. Toa plagi, weka matone manne matano ya oili ya kuhifadhia injini kwenye tundu la plagi na mengine kwenye kabureta, vuta kamba mara kadhaa isambae mpaka kwenye beringi. Hewa yetu ya chumvi na methanoli iliyobaki zinatengeneza kutu kwa siku chache tu, na beringi ya nyuma ndo inaanza. Rudisha plagi, zungusha flaiwili mpaka alama yako ya maka penni ije chini, ziba ekzosi.